Pawasaplai Ikianza Kuchoka: Pima Kwanza, Ndipo Uende Kariakoo

Kompyuta ya mezani inayozima ghafla bado haijasema inaumwa nini. Wengi hukimbilia kununua pawasaplai, lile boksi linaloigawia mashine umeme, wakiifunga tatizo liko palepale, kwa sababu ramu (kipande cha kumbukumbu) iliyolegea, prosesa (chipu kuu) inayochemka na ekstensheni mbovu huleta dalili zilezile. Anza na vitu visivyogharimu hela. Chomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila UPS (boksi la betri ya akiba) wala ekstensheni, ukitumia waya mwingine wa umeme. Kagua fyuzi iliyo ndani ya plagi. Tazama swichi ya nyuma ya pawasaplai kama iko kwenye alama ya I. Kisha zima, chomoa waya, toa ramu, safisha meno yake kwa ufutio laini na uirudishe mpaka vishikio vijifunge.

Mashine ikizima baada ya dakika kumi au ishirini, ikapumzika, ikawaka tena, shuku joto la prosesa: feni imejaa vumbi au grisi ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa imekauka. Ikitoa milio wakati wa kuwaka, shuku ramu. Lakini ikizima papo hapo unapofungua gemu, ikihitaji kubonyezwa mara tatu nne asubuhi ndipo iwake, au ikitoa harufu ya kuungua kupitia matundu ya nyuma, hapo kweli igeukie pawasaplai. Ujumbe wa Kernel-Power 41 ndani ya Windows si ushahidi. Unaeleza tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, hautaji aliyeizima.

Kuna dalili moja ambayo kukatika kwa umeme kunaionyesha wazi. Pawasaplai nzima hustahimili umeme kupotea kwa takriban milisekunde 16, na UPS nyingi ndogo huhamia kwenye betri ndani ya milisekunde 4 hadi 10. Kapasita, vile vipande vya ndani yake vinavyohifadhi umeme, zikichakaa, akiba hiyo hupungua. Basi kama mashine mbili zinazofanana ziko kwenye UPS moja, umeme ukakatika, moja ikaendelea na nyingine ikajiwasha upya, hiyo ya pili ndiyo ya kupimwa. Kinachozichosha kapasita ni joto zaidi ya kitu kingine: kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Mashine iliyosukumwa ukutani ndani ya steshenari isiyo na hewa, mwezi Februari, inaumia kila siku. Ukiwa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, ongeza kutu kwenye meno ya plagi.

Sasa maltimita, kifaa cha kupimia volti. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Usifungue kabisa boksi la pawasaplai: kapasita yake kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Vipimo vyote hufanyika kwenye plagi kubwa ya pini 24, ikiwa imechomekwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa kupenyeza ncha upande wa nyuma zinakoingilia waya. Ncha nyeusi ikae kwenye waya mweusi, na ncha mbili zisigusane.

Mashine ikiwa imezimwa lakini ina umeme, waya wa zambarau usome takriban 5. Ukikosa, pawasaplai imekufa. Waya wa kijani usome volti 2 na zaidi, kisha ushuke karibu na sifuri unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Usiposhuka, tatizo ni kitufe au mazabodi, na pawasaplai mpya haitasaidia. Mashine ikishawaka, njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.46. Pima tena njano huku mashine ikifanya kazi nzito. Ile mbinu ya kuunganisha kijani na nyeusi kwa kibanio cha karatasi huonyesha tu kwamba feni inazunguka. Pawasaplai mgonjwa nyingi hufaulu mtihani huo kwa sababu hazijabebeshwa mzigo.

Ukishathibitisha, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Hili ni muhimu mno kwa mashine za ofisi zilizoingia nchini zikiwa zimetumika: Dell OptiPlex na HP nyingi ndogo zina umbo lake na plagi yake kwenye mazabodi, pini 8 au 6, na pawasaplai ya kawaida haiingii.

Kwenye lebo usidanganywe na namba kubwa. Tafuta ampea za njia ya 12V, yaani ile ya waya za njano, zidisha kwa 12. Lebo ikitangaza 500W wakati 12V ina ampea 15, unanunua wati 180 za kazi. Mashine ya ofisi isiyo na kadi ya picha inatoshwa na wati 300 za kweli. Pawasaplai iliyo nyepesi mkononi kupita kiasi iache.

Kufunga hakuna ugumu. Chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde kumi, piga picha ya waya zote, fungua skrubu nne za nyuma. Ingiza mpya huku feni yake ikielekea penye matundu. Chomeka ile ya pini 24, kisha ya prosesa yenye pini 4 au 8 karibu na prosesa yenyewe. Ikisahaulika, feni huzunguka na skrini hubaki nyeusi. Kama waya zinachomoka kwenye boksi, tumia zilizokuja na boksi hilo tu. Za zamani zinaweza kuingia vizuri na bado zikaunguza diski, kwa sababu mpangilio wa pini hutofautiana. Ikiwa na swichi nyekundu ya 115/230, iwe 230 kabla ya kuwasha, la sivyo italipuka.

Ikishawaka, pima njano chini ya mzigo, andika namba na tarehe kwenye kipande cha gundi ya karatasi, ukibandike ndani ya kava.