Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari ya Diu

Diu ni wilaya ya India yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 40, na sehemu yake kubwa ni kisiwa kilicho kwenye ncha ya kusini ya rasi ya Kathiawar. Imezungukwa na jimbo la Gujarat upande wa bara, lakini haitawaliwi na Gujarat, kwani tangu tarehe 26 Januari 2020 imekuwa sehemu ya eneo la Dadra na Nagar Haveli na Daman na Diu, linalosimamiwa na serikali kuu. Mpaka huo usioonekana ndio jambo la kwanza kueleweka kabla ya kupanga siku za safari. Gujarat imepiga marufuku pombe ilhali Diu inairuhusu, hivyo mwisho wa juma, na hasa wakati wa sikukuu ya Diwali, kisiwa hufurika wageni kutoka miji ya jirani na vyumba hupanda bei. Anayetaka utulivu afike katikati ya juma, na asidhubutu kuvuka daraja kurudi Gujarat akiwa na chupa mkobani, kwa kuwa huko ni kosa la jinai.

Jambo la pili ni majira. Upepo ule ambao katika pwani yetu tunauita kusi ndio unaoifikishia India mvua zake kuanzia Juni hadi Septemba, na katika miezi hiyo bahari ya Diu huchafuka kiasi kwamba kuogelea hukatazwa. Hata kabla ya mvua kuna hatari ya vimbunga. Tarehe 17 Mei 2021 kimbunga Tauktae kiliingia nchi kavu kati ya Diu na mji wa Una. Kwa hiyo muda unaofaa ni kati ya Novemba na Februari, msimu wa kaskazi, ambao ndio uliosafirisha majahazi ya wafanyabiashara wa Kihindi kuja Afrika Mashariki. Mabaniani wa Diu walihusika sana katika biashara hiyo, wakipeleka vitambaa Msumbiji na kurudi na pembe za ndovu.

Kuhusu hati, msafiri anaweza kuomba viza ya kielektroniki kabla ya kuondoka. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo ahakikishe ana cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili, kwa sababu asiye nacho anaweza kuwekwa karantini. Diu ina uwanja mdogo wa ndege huko Nagoa. Anayefika kwa treni atashukia Delvada, umbali wa kilomita 8 hivi.

Ngome ya Diu inahitaji asubuhi nzima. Wareno walianza kuijenga mwaka 1535 baada ya kupatana na Sultani Bahadur Shah wa Gujarat, wakazingirwa humo mwaka 1538 na tena mwaka 1546, wasiondoke hadi jeshi la India lilipowatoa Desemba 1961. Kuta zake ni ndefu na kivuli ni haba, kwa hiyo kofia, maji na viatu imara si anasa. Kwa hekalu la Gangeshwar, lililo kwenye mwamba wa pwani huko Fudam, ni vyema kuulizia kwanza saa za maji kujaa na kupwa, maana linga tano zilizomo, yaani mawe yanayomwakilisha Shiva, mungu wa Kihindu, huoshwa na mawimbi, na mandhari hubadilika kabisa kati ya saa moja na nyingine. Huko Nagoa, ambako ufuo umejipinda kama kwato, mgeni kutoka Lamu au Bagamoyo atashangaa kukuta mikoche yenye matawi, ambayo wenyeji huiita hoka.

Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 52,074, wengi wao wakizungumza Kigujarati, na familia nyingi zina jamaa Ureno na Uingereza kwa sababu waliozaliwa chini ya utawala wa Wareno waliweza kudai uraia. Salamu ya "kem chho" hufungua mlango, na katika bandari ya wavuvi ya Vanakbara ni adabu kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Mwenye siku za ziada anaweza kwenda bara kuwaona simba wa Gir, mradi awe ameomba kibali mapema na akumbuke kwamba hifadhi hufungwa kuanzia tarehe 16 Juni hadi 15 Oktoba. Karibu na hapo, katika kijiji cha Jambur, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao ngoma yao hadi leo wanaiita goma.