Unataka kujua nani anamshika mbunge wako? Anza hivi

Kila siku mtu anaandika eti hawa waheshimiwa wamenunuliwa na mabwenyenye, sawa, lakini ukiuliza nani kamnunua nani watu kimya. Mimi huchimba na simu tu na bando, hivi ndivyo nafanya.

Pesa za kampeni achana nazo kwanza. Kenya tuko na sheria ya ufadhili wa kampeni tangu 2013, lakini 2021 IEBC, tume ya uchaguzi, ilipotangaza viwango vya juu vya matumizi, mgombea urais akiwekewa kama shilingi bilioni 4.4, wabunge wenyewe wakavitupa nje. Kwa hivyo ile bahasha ya usiku hautaiona. Ila aliyetoa lazima atataka zirudi, na zikirudi huacha karatasi.

Ingia tenders.go.ke, tovuti ya serikali ya tenda, utafute nani alishinda tenda za kwenu, unakili jina la kampuni vile liko, usibadilishe hata herufi. Halafu nenda eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, upande wa BRS, wale wa kusajili kampuni, ulipie CR12, karatasi ya wamiliki wa hiyo kampuni, utaletewa wakurugenzi na wenye hisa. Mimi nilianza na barabara ya kwetu, ile imeishia ghafla mbele ya posho mill kama imekatwa na panga, kuangalia CR12 nikapata jina nalijua kabisa, jamaa wa meza kuu kwa kila harambee ya mheshimiwa! Huo sio ushahidi wa kortini bana, na majina hufanana, usiposti kabla hujahakikisha, utashtakiwa wewe.

Sasa utamu wenyewe uko kwa ripoti za kamati za bunge, na hakuna mtu husoma. Mswada wa fedha ukiletwa, Kamati ya Fedha huandika kila kifungu, nani aliomba kibadilishwe, akatoa sababu gani, na kamati ikasema nini. Ziko kwa tovuti ya bunge. Weka chai hapo kando usome pole pole, utaona mabenki, wenye viwanda, kampuni za simu, wamekuja na mawakili wao, na wanachoomba huwa kadogo tu, neno moja litolewe, "isipokuwa" iongezwe. 2024 sisi tulikuwa tunapigia kelele mkate kuwekewa VAT 16% na gari ushuru wa 2.5%, mswada ukaondolewa, halafu Disemba vipengele vingine vikarudi na sheria nyingine ya ushuru wengi wetu tukiwa tushaanza mambo ya Krismasi.

Ukipata kifungu kimebadilishwa, fungua Hansard, rekodi ya maneno yanayosemwa bungeni, ya siku mswada ulijadiliwa, utafute mbunge wako. Linganisha maneno yake na ya ile memoranda, yaani maombi ya maandishi waliyopelekea kamati. Wakati mwingine ni kama alipewa asome.

Ukinyimwa karatasi, andika barua chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, wako na siku 21 kukujibu, wakinyamaza peleka kwa Ombudsman, tume ya malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Na hiyo barua ibebe kopi mbili, moja wakugongee stempu ya kupokea urudi nayo nyumbani, la sivyo watakuambia hawajawahi kukuona.