Kourabiedes: biskuti za siagi za Krismasi ya Wagiriki

Krismasi ikifika, meza ya Mgiriki haikosi sahani mbili: biskuti za melomakarona zilizolowekwa asali, na kourabiedes zilizofunikwa sukari nyeupe pepepe. Leo tunaoka hizi za pili. Huliwa pia harusini na kwenye ubatizo, na mji wa Nea Karvali, karibu na Kavala kaskazini mwa Ugiriki, umejipatia jina kwa biskuti hizi. Waliouanzisha ni wakimbizi kutoka Kapadokia, katika Uturuki ya leo, waliofika miaka ya 1920.

Mahitaji: siagi isiyo na chumvi gramu 250, sukari ya unga gramu 100 (na nyingine gramu 300 ya kufunikia), kiini cha yai 1, unga wa ngano gramu 400, lozi gramu 150, bekin pauda nusu kijiko cha chai, vanila, brandi kijiko 1 cha chakula, maji ya waridi.

Wagiriki wengi husifu siagi ya maziwa ya kondoo na mbuzi. Ya ng'ombe inafaa. Majarini hapana, utakuwa umeoka kitu kingine.

1. Oka lozi dakika 10 kwa nyuzi 170. Zikipoa, zikate vipande, usizisage.

2. Hapa ndipo penye kazi. Siagi iwe laini ya kubonyea kwa kidole, isiwe imeyeyuka. Ipige na sukari kwa mashine dakika 10 hadi 15. Umanjano utafifia taratibu, itaumuka, mwisho itakuwa nyeupe na nyepesi. Ukiona bado ina rangi, endelea tu. Hewa unayoingiza sasa ndiyo inayofanya biskuti imumunyike mdomoni.

3. Tia kiini, brandi na vanila, upige kidogo. Weka mashine kando. Chekecha unga pamoja na bekin pauda, uutie kidogo kidogo ukichanganya kwa mkono, kisha lozi. Donge likiacha kunata mkononi, simama hata kama unga umebaki. Ukilikanda sana biskuti zitakuwa ngumu.

4. Viringisha vidonge, bonyeza katikati kwa kidole gumba ili sukari ipate pa kutuama. Wengine hutengeneza umbo la hilali, au huchomeka karafuu nzima juu (usiitafune!).

5. Oka nyuzi 170, kama dakika 20. Juu zibaki zimepauka, chini tu ziwe na rangi ya dhahabu. Usiziguse zikiwa moto, zitavunjika.

6. Zikiwa vuguvugu, zinyunyizie maji ya waridi. Zikipoa kabisa, zipange juu ya sukari ya unga, kisha zichekechee nyingine bila ubahili. Ukiwahi, sukari itayeyuka iwe uji.

Wagiriki huzila na kahawa yao nzito iliyochemshwa kwenye briki (kisufuria kidogo chenye mpini mrefu), pembeni glasi ya maji baridi. Unapouma usicheke wala usivute pumzi: sukari itakupalia, inayobaki itakwenda kifuani mwa jirani. Zilizosalia ziweke kwenye mkebe wenye mfuniko, sukari kati ya kila tabaka. Hukaa wiki kadhaa, watu wa nyumbani wakiziachia.