Kupitisha Land Rover ya kabureta kwenye kipimo cha moshi: utaratibu ninaoufuata Arusha

Land Rover Series III za petroli, zile za injini ya lita 2.25 zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, bado zinafanya kazi kwenye mashamba ya kahawa yanayozunguka Mlima Meru, na mara kwa mara mojawapo huletwa kwangu kwa sababu linatakiwa kupimwa moshi kwa mashine, labda linasafirishwa nje ya nchi au linaingia katika eneo la kazi linalodai cheti. Karibu kila mwenye gari huniambia hivi: "Fundi, nifungie tu ile skrubu ya kabureta moshi upungue." Skrubu hiyo mimi huigusa mwisho kabisa. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa, na skrubu hiyo inatawala petroli kidogo tu inayopita injini ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, ilhali mashine inasoma matokeo ya injini nzima: moto wa plagi, valvu, chujio la hewa, hata oili iliyomo ndani.

Kabla ya yote uliza kiwango unachopimiwa, kwa maana kila nchi ina chake. Mteja asipokuwa na karatasi yenye kiwango, mimi huchukua cha Uingereza, gari hili lilikotoka. Huko, gari la petroli lililoanza kutumika kati ya Agosti 1, 1975 na Julai 31, 1986 halitakiwi kuzidi asilimia 4.5 ya kaboni monoksaidi, wala sehemu 1,200 za haidrokaboni katika kila milioni, likipimwa kwenye sailensi. Lililotangulia tarehe hizo huangaliwa moshi wake kwa macho. Injini isiyo na ubovu na inayotunzwa haipati shida kukaa kati ya asilimia 2 na 3 za kaboni monoksaidi, na hapo ndipo ninapolenga.

Jambo la pili ni mwinuko. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko kati ya mita 800 na 900. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, lakini kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi kile kile ambacho hewa imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi. Kwa hesabu, mchanganyiko wa gari lililowekwa sawa Tanga huzidi uzito kwa karibu asilimia 7 likifika Arusha, na kwa karibu asilimia 4 likiishia Moshi. Tofauti hiyo inatosha kulifelisha kwenye kipimo gari ambalo halina ubovu wowote.

Kazi yote ifanyike nje, mahali penye upepo. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi na inaua. Gereji iliyofungwa milango huku injini inaunguruma ni hatari kubwa. Vilevile usinyonye petroli kwa mdomo ili kuitoa kwenye tangi. Najua bado tunafanya hivyo, na nimeshuhudia kijana akilazwa kwa sababu petroli ilimwingia mapafuni.

Hatua ya kwanza: oili na bomba la pumzi

Vuta kijiti cha oili ukinuse. Ikiwa inanuka petroli, au kiwango chake kimepanda bila mtu kuongeza, usiendelee na jambo jingine. Pampu ya petroli ya gari hili inasukumwa na injini yenyewe, na mpira wake wa ndani ukitoboka, petroli hushuka moja kwa moja kwenye oili, kisha mvuke wake hurudi kwenye kabureta kupitia bomba la pumzi, lile linalotoa mvuke ndani ya injini, na kuchomwa kama petroli ya ziada. Nimewahi kupokea gari lililokuwa likisoma asilimia 7, na skrubu yake ilikuwa imekwishafungwa hadi mwisho na fundi aliyetangulia. Nilichomoa mpira wa pumzi kwenye chujio la hewa nikauziba upande wa chujio, na namba ikashuka hadi 4 mbele ya macho ya mwenye gari. Tulibadilisha mpira wa pampu, oili na chujio la oili, na kabureta hatukuifungua siku hiyo. Jaribio hilo la kuchomoa mpira wa pumzi halihitaji hata spana, nami hulifanya kwa kila gari.

Hatua ya pili: chujio la hewa

Chujio la Series III ni la bakuli la oili. Kwa vumbi letu la barabara za mashambani bakuli linajaa tope mapema, na tope hilo hupandisha kiwango cha oili hadi hewa ipite kwa shida. Lisafishe kwa mafuta ya taa, likauke, kisha weka oili mpya hadi kwenye alama bila kuzidisha. Hapo hapo hakikisha kwamba waya wa choki unarudi wote na kibao chake kinasimama wima. Choki iliyobaki imefunga kidogo tu inatosha kuharibu kipimo.

Hatua ya tatu: moto na valvu

Haidrokaboni ni petroli iliyopita bila kuungua, na mara nyingi chanzo chake ni moto wa plagi. Weka nafasi ya pointi, ile swichi ndogo ya moto iliyo kwenye distributa, kati ya milimita 0.35 na 0.40, badilisha plagi zilizochakaa, na usiku washa injini gizani uangalie kama waya za plagi zinarusha cheche pembeni. Tapeti, yaani vyuma vinavyosukuma valvu, ziwe na nafasi ya milimita 0.25, za valvu za kuingiza na za kutoa.

Tapeti za kutoa zipewe uangalifu wa pekee. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na injini za zamani zilitegemea risasi ile kulinda makalio ya valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga. Ukikuta nafasi ya tapeti za kutoa inapungua kila baada ya miezi michache, valvu zinazama kwenye kichwa cha injini, nazo zisipofunga vizuri hakuna skrubu itakayoshusha haidrokaboni. Gari la namna hiyo linahitaji kichwa kishushwe na kuwekewa makalio magumu, na ni uungwana kumwambia mwenye gari mapema kuliko kumtoza fedha za marekebisho yasiyosaidia.

Hatua ya nne: kabureta yenyewe

Kabureta ya Zenith ya gari hili ina udhaifu unaojulikana: mfuniko wake wa juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na ringi ya mpira iliyo chini ya mfuniko huo hukauka. Hapo petroli hupenya ndani bila kupitia kwenye jeti, yale matundu madogo yanayopima petroli, na sailensi inakuwa nzito na ya kutetemeka. Fungua mfuniko, weka msasa laini juu ya kioo bapa, usugue uso wake taratibu kwa mzunguko hadi uwe sawa wote. Weka ringi mpya na gasketi mpya, kisha kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo. Angalia pia boya, lile linaloelea na kudhibiti kiwango cha petroli kwenye kabureta, kama halijaingia petroli. Litikise karibu na sikio, na ukisikia petroli ikicheza ndani, libadilishe. Jeti zipulizwe kwa kompresa. Usizitoboe kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka kidogo tu petroli huongezeka, nawe hutaliona kosa hilo kwa macho.

Hatua ya tano: kuweka mchanganyiko

Liendeshe gari hadi Tengeru na kurudi ili injini ipate joto lake kamili. Ziba mdomo wa bomba la moshi kwa tambara nene kwa sekunde chache. Ukisikia mluzi popote, bomba linavuja. Ziba tundu hilo kwanza, kwa sababu hewa inayoingia humo huifanya mashine isome namba za uongo.

Sasa funga skrubu ya mchanganyiko polepole hadi iguse bila kuikaza, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa injini, izungushe skrubu kidogo kidogo hadi mzunguko wa injini upande kufikia mwisho wake, shusha sailensi kwa skrubu ya mwendo, halafu rudia. Baada ya hapo funga skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kwa wakati mmoja huku ukisubiri mashine itulie, hadi kaboni monoksaidi ifike kati ya 2 na 3. Injini ikianza kutetemeka kabla ya kufika hapo, umepita kiasi, fungua skrubu kidogo.

Namba zenyewe zitakuonyesha pa kwenda. Kaboni monoksaidi ikiwa juu na haidrokaboni ikiwa ya wastani, petroli inazidi: rudi kwenye choki, chujio, boya na mfuniko. Haidrokaboni ikiwa juu huku kaboni monoksaidi iko chini, kuna plagi isiyowaka, valvu isiyofunga, au hewa inayoingia kwenye gasketi ya manifodi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye injini) na kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi mno. Zote zikiwa chini huku oksijeni imepanda, usifurahi bado. Rudi ukakague bomba la moshi.

Siku ya kipimo

Fika injini ikiwa moto, na usiiache ikiunguruma kwenye foleni kwa nusu saa, maana plagi hushika masizi. Zima taa. Kabla ya kipimo mwombe mpimaji akuruhusu kupandisha resi hadi mizunguko 2,500 kwa dakika kwa sekunde 20, kisha uachie injini irudi sailensi na kutulia.

Gari likishapita, andika kwenye daftari idadi ya mizunguko ya skrubu na namba ya jeti kuu iliyomo. Kwa magari yanayokaa huku juu wakati wote mimi hupunguza jeti kuu hatua moja, kwa mfano kutoka 125 hadi 120, na ile ya zamani huifunga kwenye karatasi nikampa mwenye gari aihifadhi. Gari likishushwa kwenda kufanya kazi Tanga au Dar es Salaam, jeti hiyo irudishwe kabla ya safari ndefu, kwa sababu mchanganyiko mwepesi kwenye joto la pwani huunguza valvu za kutoa.