Kupiga mchanga bila mchanga

Mteja akifika karakanani kwangu hapa Likoni husema, "Fundi, nataka unipigie mchanga hili geti." Yaani nilirushie punje kwa upepo wa kompresa zing'oe kutu na rangi kuukuu. Nitalipiga, ila mchanga sitautia. Jina ni la zamani: Benjamin Tilghman wa Philadelphia alipata hataza ya kazi hii mwaka 1870, na wakati huo mchanga ndio uliorushwa kweli. Sisi nasi bado tunasema kupiga msasa, ingawa jani la mti wa msasa limeshaiachia kazi karatasi.

Mchanga wa mto au wa ufukweni ukigonga chuma hupasuka ukawa vumbi la silika. Vumbi hilo likiingia mapafuni huacha makovu yasiyopona, ndiyo silikosisi. Uturuki iliukataza kwenye viwanda vya jinzi mwaka 2009, baada ya vijana waliokuwa wakichakaza suruali kwa mchanga kuugua na kufa. Mwenzangu niliyeanza naye ufundi alikuwa akijifunga leso puani tu. Leo akipanda ngazi za ghorofa moja hukaa chini apumzike. Na mchanga wa ufukweni una chumvi, itakayokulea kutu chini ya rangi. Nunua ganeti, yaani punje za jiwe gumu, au punje za chuma kama una chumba cha kuzizolea uzitumie tena. Hata hivyo, vaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira wake, kwa sababu rangi kuukuu nayo inaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Watu wengine wakae mbali.

Anza kwa kuosha geti kwa sabuni ya kutoa mafuta, kisha maji mengi yasiyo na chumvi. Ukiruka hapo, unayagongelea mafuta ndani ya chuma.

Halafu pima upepo. Washa kompresa bila ganeti, puliza kitambaa cheupe kwa dakika moja. Ukiona doa la mafuta au unyevu, usiendelee: toa maji kwenye tangi, kagua chujio, rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe.

Chuma kinene napiga kwa shinikizo la upepo la baa 7 hivi. Bati jembamba punguza sana, la sivyo litabonyea na kujikunja. Nozeli, ule mdomo wa mpira, iwe umbali wa sentimita 30 hadi 45, uilaze kidogo, mkono utembee bila kusita. Na kamwe usifunge kwa kamba kile kishikio kinachokata upepo ukikiachia. Mpira ukikuponyoka, ndicho kitakachokuokoa.

Chuma kilichoiva ni cha kijivu kote, hakina weusi, na ukikipapasa kwa glavu kinakwaruza kama ulimi wa paka. Usikiguse kwa mkono mtupu, jasho lina chumvi.

Puliza vumbi lote. Alfajiri hapa Pwani chuma hutoa jasho, kwa hiyo pangusa sehemu ndogo kwa kitambaa kibichi. Isipokauka ndani ya dakika 15, ngoja jua. Ikikauka, paka praima, ile rangi ya kwanza, papo hapo. Ukienda kula kwanza ukarudi alasiri, utakikuta kimeshaanza kuwa rangi ya chai.