Wakija kuandikisha msaada wa pesa, laini iwe yako

Siku hizi mto Sabaki ukivunja kingo kama 2018 na tena 2023, watu wa Magarini na huku Malindi hawaletewi unga na maharagwe peke yake, mashirika mengi yanatuma pesa kwa M-Pesa ama yanagawa vocha. Mi naona afadhali, mwenye shida ya maziwa anunua maziwa, wa mabati anunua mabati. Ila kuna watu wanakosa kwa vitu vidogo sana.

Kubwa kabisa ni laini. Shangazi yangu aliandikisha namba ya mjukuu, kumbe ile laini iko kwa jina la rafiki yake huyo mjukuu, majina hayakulingana na kitambulisho, jirani wakapokea yeye akabaki kuangalia simu. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kama yako haimo kasajili mapema, si asubuhi ile ya baraza.

Halafu Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, hii watu hawaisemi. Ukiwa na deni, pesa ikiingia tu inakatwa, haijali ni ya msaada ama ya mahari, unangoja elfu tatu unaona mia nane ushaanza kumshuku chifu bure. Kama huwezi kulimaliza basi angalau jua hesabu yako.

Majina yakisomwa barazani enda mwenyewe. Mjane akirukwa mtaje hapo hapo mbele ya kamati, na namba ya malalamiko ya shirika iandike hata ukutani kwa makaa. Mzee asiyeweza kutembea ataje mtu wa kumchukulia siku hiyo hiyo ya kuandikwa, kubadilisha baadaye ni mzunguko.

Vocha inatumika kwa maduka yaliyochaguliwa tu. Uliza bei kabla hujaitoa, sababu kuna duka likiona vocha unga unapanda. Wengine wauza ya elfu mbili kwa elfu moja na mia mbili, hasara tupu, ingawa mtoto akiumwa na duka haliuzi dawa sijui utafanya nini.

Kuandikwa ni bure, anayetaka mia mbili ya "karatasi" ni mwizi, na akupigiaye kukuuliza pin mkatie simu. Kwa ajenti pia usimpe kijana simu akubonyezee, kama macho hayaoni vizuri enda na mwanao akusomee salio kabla hamjatoka hapo.