Somo: Kuweka modi nzito za The Sims 4 bila kuiua sevu yako

The Sims 4 ni gemu ya kompyuta ya kuendesha maisha ya watu, na modi ni faili lililotengenezwa na wachezaji ili kuibadili. Nilikuwa na familia moja pale Willow Creek, mji mmoja wa gemu hiyo, niliyoichezesha vizazi vinne. Bibi wa nyumba nilimwita Bi Zuhura. Siku nilipopata modi ya kuendesha uzazi wa mji mzima, niliweka asilimia 100 kwa wanandoa wote nisiowachezesha, halafu nikacheza wikendi nzima bila kutoka nje ya kiwanja. Jumapili jioni nikamtoa Bi Zuhura kwenda bustanini. Kila mwanamke aliyepita alikuwa na mimba au alibeba kichanga. Nikaitoa modi mbio mbio nikidhani mji utarudi ulivyokuwa. Wapi! Watoto walibaki, na sevu ilikuwa hiyo hiyo moja niliyokuwa nikiihifadhi juu yake tangu mwanzo.

Modi haikuwa na kosa, ilifanya nilichoiambia. Hapo ndipo nilipojua kwamba ukishaitoa modi kwenye folda, yale iliyokwisha kuyafanya yanabaki yameandikwa ndani ya sevu.

Kwanza tofautisha mzigo

Faili la .package laweza kuwa gauni, nywele au kochi. Likiharibika, mhusika wako atabadilishiwa nguo na maisha yataendelea. Lakini lipo pia .package linalobadili kanuni za gemu: mshahara, njaa, muda wa kulala. Modi mbili zikigusa kanuni ile ile, gemu itaifuata moja na kuipuuza nyingine, na haitakwambia.

Faili la .ts4script ni jambo jingine. Ndani yake mna msimbo wa Python (lugha ya kuandikia programu), yaani programu kamili inayoendeshwa pamoja na gemu. Modi kubwa kama MC Command Center (wengi tunaiita MCCC) ni mchanganyiko wa aina hizi mbili. Hizo ndizo ninazoziita nzito, na somo hili ni la hizo.

Hatua ya 1: Nakili sevu kabla ya kupakua chochote

Fungua Documents, kisha Electronic Arts, kisha The Sims 4. Humo mna folda inayoitwa Saves na nyingine inayoitwa Tray. Zinakili zote mbili, ziweke kwenye flashi au diski nyingine, uzipe jina lenye tarehe. Kama Documents zako zinalindwa na OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), usiitegemee kuwa ndiyo nakala. Inaweza kugombana na gemu wakati wa kuhifadhi.

Ndani ya Saves utaona majina kama Slot_00000002.save, na mengine yenye mkia .ver0 hadi .ver4. Hiyo mikia ni nakala za zamani ambazo gemu inakutunzia yenyewe. Sevu ikiharibika, chukua faili la .ver0, lifute mkia, badilisha namba yake iwe ambayo haijatumika, kisha fungua gemu. Wengi wamefuta familia za miaka bila kujua kwamba nakala ilikuwa papo hapo.

Na ukiwa ndani ya gemu, zoea kuhifadhi kwa jina jipya kila baada ya siku chache. Usikanyage faili moja mwaka mzima.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa modi mpaka mwisho

Angalia tarehe ya mwisho ambayo mtengenezaji aliisasisha, ulinganishe na apdeti ya mwisho ya gemu. Angalia kama inahitaji modi nyingine ili ifanye kazi. Na pakua kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa aliyeichukua kwake akaipandisha kwingine.

Hili la mwisho si maneno ya kutishana. Mwaka 2024 zilisambazwa modi za skripti za The Sims 4 zilizokuwa na virusi vya kuiba nywila, nyingine zikijifanya ni za watengenezaji wanaojulikana, na zilipita hata kwenye tovuti zinazoaminika. TwistedMexi, ambaye ni mtengenezaji wa siku nyingi, alitoa Mod Guard ya kuzuia mambo hayo. Mimi naiweka kabla ya modi nyingine yoyote. Na modi ikija na faili la .exe la kubonyeza, ifute tu.

Hatua ya 3: Weka moja. Moja!

Fungua zipu, usiitupe ilivyo ndani ya folda ya Mods, iliyo humo humo kwenye folda ya The Sims 4. Mafaili ya .ts4script yasiingie zaidi ya folda moja ndani ya Mods, la sivyo gemu haitayaona. Kwa MCCC, mafaili yake yote yakae folda moja, yawe ya toleo moja, na usiyabadilishe majina.

Kisha futa localthumbcache.package, lile faili lililo nje ya Mods, ndani ya folda kuu ya The Sims 4. Usiogope, gemu italitengeneza upya. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, sehemu iliyoandikwa Other, uruhusu modi na, chini yake, modi za skripti. Zima gemu, uwashe tena.

Hatua ya 4: Jaribu kwenye mji usioupenda

Anzisha sevu mpya na mhusika yeyote wa haraka haraka, nyumba ya vyumba viwili yatosha. Hapo ndipo pa kufanyia fujo. Bonyeza kompyuta ya ndani ya gemu, utaiona MC Command Center kwenye menyu. Badilisha jambo moja, cheza wiki moja ya gemu, kisha utoke utembee mjini. Nasisitiza kutoka, kwa sababu modi za aina hii zinafanya kazi nyumba za majirani ndani ya gemu, na ukijifungia ndani utapata habari umechelewa kama mimi.

Angalia pia jambo hili: tangu mwishoni mwa 2021 gemu yenyewe ina Neighborhood Stories, ambayo nayo huwapa majirani kazi na kuwahamisha nyumba, na baadaye ikaongezewa hata watoto. Ukiiacha wazi na MCCC nayo ikifanya yale yale, mji una madereva wawili kwenye usukani mmoja. Chagua mmoja umzime mwingine. Mimi naiachia MCCC mimba na ndoa, basi.

Hatua ya 5: Siku ya apdeti

Kila apdeti ikiingia, gemu yenyewe inazima modi zote. Wengi wanakimbilia kuziwasha, na hapo ndipo sevu nyingi hufa. Hamisha folda nzima ya Mods uiweke kwenye Desktop ya kompyuta. Subiri watengenezaji waseme modi zao ziko salama, kisha uzirudishe ukianza na za skripti. Siku mbili tatu za kucheza bila modi hazimuui mtu. Ukishindwa kuvumilia, cheza sevu nyingine, usiiguse ile unayoipenda.

Hatua ya 6: Kuitoa

Usiing'oe tu. Kama mhusika ana kazi iliyotoka kwenye modi, mwachishe kwanza. Kama ana tabia au ugonjwa uliotoka humo, uondoe ukiwa bado ndani ya gemu. Hifadhi kwa jina jipya, zima gemu, ndipo utoe mafaili na kufuta tena localthumbcache. Ukifungua mhusika akasimama kama mlingoti, bonyeza Ctrl, Shift na C pamoja, andika resetsim, jina lake la kwanza na la pili.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, menyu zangu zimekuwa tupu. Nikibonyeza mtu, kimya. Nina modi arobaini, nitamjuaje mkosaji?

Pole sana. Anza na modi zinazogusa menyu na vibonyezo, kama UI Cheats Extension. Hizo ndizo za kwanza kuchakaa apdeti ikija. Kama siyo, gawa nusu kwa nusu. Toa ishirini, jaribu. Tatizo likibaki, mkosaji yuko kwenye ishirini zilizobaki. Likiisha, yuko kwenye ulizotoa. Gawa tena kumi, tano, hivyo hivyo. Utafungua gemu mara sita hivi badala ya arobaini. Faili la lastException.txt, ambalo gemu huliandika kosa likitokea, nalo linasaidia, ila lina maandishi ya kuumiza kichwa. Modi ya Better Exceptions itakufasiria vizuri zaidi.

Kaka, mimi natumia PlayStation. Nafanyaje?

Hufanyi, ndugu yangu. PlayStation na Xbox hazipokei modi. Anayekwambia anazo anakuuzia upepo.

Bando langu dogo. Lazima nishushe sehemu zote za MCCC?

Zinakuja kwenye zipu moja, hivyo kushusha utashusha tu. Ila si lazima kuziweka zote. Ile ya mc_cmd_center ndiyo mama, bila yake nyingine hazifanyi kazi. Kwa anayeanza namshauri aiache mc_pregnancy, ile ya mimba, nje mpaka azoee. Mnajua kwa nini.

Rafiki yangu ana folda ya Mods nzima, ananipa kwenye flashi. Niweke?

Hapana dada. Hujui zilitoka wapi, za lini, wala zimerundikana ngapi zinazogombana. Mwombe orodha ya majina, ukazitafute mwenyewe kwa wenyewe.

Nimekuta modi imefungwa mpaka nilipe. Ni halali?

Kwa kanuni ambazo EA (Electronic Arts, wenye gemu) walizieleza mwaka 2022, mtengenezaji anaruhusiwa kuwapa wachangiaji wake kwanza kwa muda wa kiasi, kisha awafungulie wote bure. Kama si ya haraka, subiri. Na kwa modi ya skripti kusubiri ni faida: wenzako watakuwa wameshaona kasoro zake.

Na Bi Zuhura aliishia wapi?

Wakati ule habari ya .ver0 sikuijua, kwa hiyo sevu ile ninayo vile vile. Nyumba ya jirani yake imejaa watu wanane, kiwango cha mwisho gemu inachoruhusu, na sita kati yao ni watoto. Kila nikiifungua namkuta ameshavuka barabara, amekaa kwenye kochi lao, anawasomea kitabu.